Mume wangu anasema gari la oto litaniua mteremkoni

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni muuguzi, nina miaka 36, nimeolewa na tuna watoto wawili. Tunaishi Lushoto mjini, ila kituo cha afya ninachofanyia kazi kiko upande wa Soni, na mara kwa mara nashuka hadi Mombo kwa sababu tunajenga huko. Miaka yote nimekuwa mtu wa Hiace na bodaboda. Anayeijua barabara ile atanielewa nikisema kwamba bodaboda ya saa moja jioni, mvua inanyesha na ukungu umeshuka mpaka barabarani, si usafiri wa mama ambaye watoto wanamsubiri nyumbani.

Mwaka huu Mungu ametusaidia. Tumejichanga na mume wangu, pesa ya gari dogo imepatikana, na hapo ndipo mabishano yalipoanza.

Mume wangu ni dereva wa semi. Anatoa mzigo bandarini Dar anaupeleka Tunduma, safari nyingine anavuka hadi Zambia. Kitonga ameipanda na kuishuka miaka mingi, Mlima Nyoka anaujua kona kwa kona. Nyumbani tunamwona siku chache kwa mwezi, kwa hiyo mwendeshaji wa gari hili ni mimi. Lakini yeye ameshaamua tununue Corolla 110 ya rafiki yake, manyuali, bei nzuri, na kweli bodi yake haina kutu. Mimi nataka IST ya oto. Nimeiona kwenye yadi Dar. Imezidi bei ya ile Corolla, ila tunaimudu.

Kila nikitaja IST napewa maneno yale yale. Kwamba gari la oto halina gia ya kuzuia mwendo, kwa hiyo likishika mteremko wa Soni breki zikachemka, ndiyo basi tena. Kwamba linakunywa mafuta. Kwamba gia boksi ikifa hakuna fundi Lushoto wala Korogwe atakayeigusa, tutalipakia kwenye lori kulipeleka Dar. Kwamba betri ikiisha huwezi hata kulisukuma likawaka. Na la mwisho, ambalo ndilo linaloniuma, anasema mbele ya wadogo zake kwamba oto ni gari la wasiojua kuendesha, na nikilizoea nitakuwa dereva nusu.

Mjomba, manyuali naijua. Nilijifunzia hiyo chuoni na mtihani wa trafiki niliufanya kwa hiyo. Lakini mwezi uliopita tuliiazima ile Corolla tuijaribu, mimi usukani, mume wangu pembeni, watoto nyuma. Tulipofika Soni karibu na soko, kwenye kimlima, magari yakasimama. Nyuma yangu kuna Fuso limejaa kabichi, limenisogelea mpaka kwenye kioo naona pua yake tu. Magari yalipoanza kutembea nikaachia klachi, gari likazima. Nikawasha, likaanza kurudi nyuma. Utingo wa lile Fuso akaruka na jiwe akaliweka nyuma ya tairi langu. Watu wanatazama, mtoto wangu mdogo analia. Mume wangu hakunikaripia, alisema tu, "Utazoea." Tukabadilishana viti.

Labda kweli nitazoea. Ila mimi natoka zamu ya usiku asubuhi miguu imevimba, na goti la kushoto linanisumbua tangu ujauzito wa pili. Sijui kama nina sababu ya kujizoeza shida ambayo naweza kuikwepa.

Niambie ukweli, Mjomba. Oto ni hatari kwenye milima kama yetu? Na kama si hatari, nimwambieje mtu ambaye ugali wetu unatoka kwenye usukani?

Mama Wawili, Lushoto


Marahaba, mwanangu. Pole na zamu za usiku, na hongereni kwa kujichanga, maana si jambo dogo.

Nunua oto. Nalisema mapema ili usisome majibu haya roho ikiwa juu. Lakini mkwe wangu hajasema uongo kwa yote. Kuna mawili matatu aliyosema ni kweli tupu, na ukinunua oto bila kuyajua, siku moja utalazimika kumwambia kwamba alikuwa sahihi. Lile la mteremko nitakaa nalo zaidi, kwa sababu lina uhai wako na wa watoto ndani yake.

Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi. Mombo iko chini kwenye joto, Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kimo chote hicho kinashukwa kwa barabara nyembamba yenye mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Gari likishuka hapo, uzito wake wote unataka kukimbia, na lazima kitu kiuzuie. Breki zinaweza kuuzuia, ila zinazuia kwa kusuguana, na msuguano ni joto. Mtu akilaza mguu kwenye breki kutoka Soni mpaka Mombo, pedi na diski zinawaka moto, na mafuta ya breki yanaweza kuchemka ndani ya mabomba. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabinyika. Unakanyaga, pedali inazama mpaka sakafuni, gari halisikii. Hilo ndilo mume wako analoliogopa, na ana haki ya kuliogopa. Anayeshuka Kitonga na mzigo kila safari hawezi kulichukulia kwa wepesi.

Dawa yake anaijua: gia ndogo. Ukiwa kwenye gia ndogo na hujakanyaga mafuta, magurudumu ndiyo yanayolazimika kuizungusha injini, na injini inagoma. Kule kugoma ndiko kunakolishika gari, breki zinabaki za kusaidia tu. Alichokosea ni kudhani oto halina kitu hicho. Linacho, tena kiko pale pale mkononi mwako.

Angalia hiyo gia ya IST, au ya oto lolote la Toyota la umri ule. Baada ya P (kuegesha), R (rivasi), N (nyutro) na D (kwenda mbele) kuna alama nyingine ambazo watu wengi hawajawahi kuzigusa tangu walinunue gari. Mengine yana 2 na L, mengine yana 3 pia, mengine yana kitufe kidogo cha O/D ubavuni mwa gia. Ukiweka 2, gia boksi haitapanda kupita gia ya pili, hata gari lisukumwe na mlima namna gani. Ukiweka L inabaki ya kwanza, hiyo ni ya mahali pabaya kabisa, mwendo wa kutembea. Kitufe cha O/D ukikizima kinaizuia gia ya juu kabisa, kinafaa kwenye mteremko mlaini. Magari ya CVT, yaani oto inayotumia mkanda badala ya gia za hatua, mengi yana S na B, na hiyo B imewekwa kwa kazi hii hii ya kuzuia mwendo.

Sasa kwa nini oto yana sifa mbaya milimani? Kwa sababu watu wanashuka na D. Kwenye D, ukiondoa mguu kwenye mafuta, gia boksi inaona injini haina kazi, inakupandishia gia ya juu ili iokoe mafuta. Hapo gari linaserereka, dereva anabaki na breki peke yake, na zikianza kunuka analaumu gari. Hata mume wako akishuka Kitonga na gia ya juu yatamkuta hayo hayo, na gia anapanga mwenyewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla barabara haijainama, sio katikati ya mteremko, punguza mwendo mpaka kama 40, vuta gia kwenye 2. Utasikia injini inanguruma na mshale wa rpm, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, unapanda. Usishtuke na usiirudishe D. Kelele ile ndiyo kazi yenyewe inafanyika, na maadamu mshale haujafika kwenye nyekundu injini haiumii. Kila unapoona mwendo unaongezeka, kanyaga breki kwa nguvu ya kutosha, shuka mpaka 30 hivi, kisha achia kabisa zipate hewa. Kukanyaga kidogo kidogo bila kuachia ndiko kunakozichemsha. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta mahali pana, simama, subiri zipoe zenyewe. Usizimwagie maji, diski ya moto ikipata maji ya baridi inaweza kupinda au kupasuka.

Na kitu kimoja ambacho nakuomba usikifanye hata akuambie nani: usishuke na nyutro. Najua wapo madereva wanaojisifu kwamba wanaokoa mafuta kwa kuweka N na kuliachia gari. Kwanza unabaki bila injini ya kukuzuia. Pili, hata hayo mafuta huyaokoi. Injini za siku hizi zenye sindano za mafuta zinazoongozwa na kompyuta, ukishuka ukiwa kwenye gia na mguu hauko kwenye mafuta, kompyuta inafunga mafuta, sindano hazinyunyizi chochote. Ukiweka nyutro, injini inahitaji kula ili isizime, kwa hiyo inakula. Wanaozima injini kabisa ndio wabaya zaidi. Usukani unakuwa mzito, na ule msaada unaofanya breki iwe laini unaisha baada ya kukanyaga mara chache.

Kupanda ndiko utakakofurahia. Lile la pale Soni na Fuso la kabichi limewakuta wengi, na halina maana kwamba hujui kuendesha. Kuondoka mlimani kwa manyuali kunataka viungo vitatu vifanye kazi kwa pamoja: mkono kwenye breki ya mkono, mguu wa kushoto unaachia klachi polepole hadi sauti ya injini ibadilike na pua ya gari iinuke kidogo, mguu wa kulia unaongeza mafuta, ndipo unashusha breki ya mkono. Nadhani hapo ulikuwa ukibalansi kwa miguu peke yake. Kwa mlima ule, na goti linalouma, breki ya mkono ingekusaidia. Nakuandikia haya kwa sababu siku moja utaendesha manyuali ya mtu, hata ambulensi ya kituo, na nisingependa uiogope.

Kwenye oto kazi hiyo inabaki kwa mguu mmoja. Ila nalo lina adabu zake. Usilishikilie gari mlimani kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo ili lisirudi nyuma; oili ya gia boksi inapata joto sana hapo. Simamia breki. Kwenye kimlima kikali usitegemee kwamba litajishika lenyewe, linaweza kurudi kidogo, kwa hiyo vuta breki ya mkono, kanyaga mafuta, gari likianza kuvuta ndipo uachie. Na siku za mwanzo utakuwa na tabia ya kukanyaga klachi ambayo haipo. Mguu wa kushoto utaangukia kwenye pedali pana ya breki kwa nguvu zote za klachi, gari litasimama ghafla na wa nyuma atakupigia honi. Uvute mguu huo nyuma, karibu na kiti, usahau kama upo. Mguu wa kulia peke yake ufanye breki na mafuta.

Ukiegesha kwenye mteremko, na kwenu kila mahali ni mteremko, usitupe P halafu ukaachia breki. Ndani ya gia boksi P ni kijino kidogo cha chuma kinachoingia kwenye gurudumu la meno, na ukikitundikia gari zima utasikia "kaa!" kila ukiondoa. Kanyaga breki, weka N, vuta breki ya mkono, achia mguu gari litulie juu ya breki ya mkono, ndipo uweke P. Jiwe nyuma ya tairi bado ni zuri.

Mafuta: mume wako alikuwa sahihi kwa magari ya zamani. Gia boksi ya oto haijaunganishwa na injini kwa sahani kama ya klachi, inaunganishwa kwa oili inayozungushwa, na katika kuzunguka huko nguvu kidogo inapotea, hasa kwenye mwendo wa kusimama na kuondoka. Kwenye mwendo wa kutulia kuna kifungo ndani kinachoshika na upotevu unapungua. Kwa IST yenye injini ya 1.3 au 1.5, kwa safari zako za Soni na Mombo, tofauti hiyo haitawafilisi. Tairi lisilo na upepo wa kutosha na filta chafu vitawatoa pesa kabla yake.

Gia boksi ndipo ninapomwunga mkono mkwe wangu. Klachi ya Corolla ikiisha, fundi wa Mombo anaishusha, anabadilisha sahani, presha na bearing, kesho yake unaondoka. Gia boksi ya oto ikiharibika ndani, mafundi wengi hawaifungui, wanakutafutia nyingine iliyotumika, na hapo mnatoa pesa ya maana. Hilo ni kweli na lipangieni akiba. Lakini oto nyingi zinazokufa kwetu zinauawa. Watu hawabadilishi oili yake kabisa, au wanaibadilisha kwa yoyote iliyopo dukani. Toyota za miaka ile nyingi zinatumia oili iliyoandikwa T-IV, za baadaye WS, na CVT ina ya kwake peke yake. Ukiweka ya kawaida kwenye CVT umeiua. Ndiyo maana kwako wewe, kwa mlima ule na mafundi waliopo, nakushauri IST ya toleo la kwanza, iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007. Ina gia nne za kawaida, imeshazoeleka, na vipuri vyake vipo mpaka mikoani. Za toleo lililofuata nyingi zinatumia CVT. Ni gari zuri, ila halisamehi fundi asiyejua. Oili badilisha kila kilomita 40,000, usisubiri ianze kulalamika. Milima inaichosha.

Betri: ni kweli, oto halisukumwi likawaka. Nunua waya za kubusti, zikae kwenye buti, na betri ikianza kuwasha kwa kusuasua asubuhi za baridi ya Lushoto ibadilishe mapema. La muhimu kuliko hilo ni kuvutwa. Pampu inayosambaza oili ndani ya gia boksi inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezima na magurudumu yanazunguka, vyuma vinasagana vikavu. IST nyingi zinavutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo likiharibika, breki-dauni inyanyue mbele, au lipandishwe juu ya gari lingine. Usikubali mtu mwenye moyo mzuri afunge kamba akuvute kutoka Mombo hadi juu.

Nimebaki na lile linalokuuma. Mwanangu, yadi za Dar zimejaa oto kwa sababu magari yetu mengi yanatoka Japani, na Wajapani wenyewe walishahama. Tangu 1991 wana leseni ya watu wanaoendesha oto tu, na watu wazima kwa vijana wanaichukua bila aibu yoyote. Tena mwambie mume wako, kwa upole, jambo ambalo bila shaka analijua: malori yenyewe yanahama. Volvo walianza kufunga I-Shift kwenye malori yao mwaka 2001, gia inajibadilisha yenyewe, na leo malori ya namna hiyo yanavuta mizigo mizito kuliko tela lolote alilowahi kulifunga. Bosi wake akinunua moja kesho na kumkabidhi, hatakuwa dereva nusu. Atakuwa yule yule, na uchovu umepungua.

Ila usimpelekee hoja hizi mbele ya wadogo zake. Alikosea kukusema mbele yao, na hilo uwe huru kumwambia mkiwa wawili, kwa sababu mke anayedhihakiwa kuhusu usukani huanza kuendesha kwa woga, na woga ndio unaoua milimani. Naamini chini ya maneno yale kuna mtu anayelala Makambako kwenye kibanda cha lori akiwaza mke wake yuko kona gani ya Soni. Mpe nafasi ya kuutumia ujuzi wake. Nimekuelekeza mteremko kwa maandishi, yeye anaweza kukaa pembeni yako na kukuonyesha mahali hasa pa kuvuta gia kwenye 2, kwa sababu macho yake yamezoea kusoma barabara kuliko mtu yeyote mnayemjua. Hilo ni somo ambalo hakuna chuo kitakupa. Na kama anahofia utasahau manyuali, akiwa likizo aazime ile Corolla ya rafiki yake mkafanye mazoezi ya kuondoka mlimani, kwenye barabara tulivu, bila Fuso nyuma.

Tena usiende yadi bila yeye. Mkifika, gari liwe la baridi, msikubali kulikuta limeshawashwa. Liwasheni, mguu kwenye breki, toa P weka R, kisha D. Linatakiwa kushika ndani ya sekunde moja au mbili bila kugonga. Lipelekeni kwenye kimlima chochote, mume wako ndiye asikilize: injini ikinguruma na mwendo usiongezeke, gia boksi inateleza. Wekeni 2 na L muone kama zinashika kweli, maana ndizo unazozinunulia gari hili. Mkirudi, injini ikiwa ya moto na inaunguruma polepole, vuteni kijiti cha kupimia oili ya gia boksi mkifute kwenye kitambaa cheupe. Ikiwa nyekundu au ya hudhurungi hafifu, endeleeni kuzungumza bei. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, mrudishieni muuzaji ufunguo wake, hata kama rangi ya gari umeipenda, na hata kama anaahidi kuwabadilishia oili bure.

Mjomba